Mume na Mke Waliowasha Moto Usioonekana

Na Mwandishi Wetu

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipobisha hodi katika nyumba moja kijijini Nyangamara, Mkoa wa Lindi. Uani walikuwapo watu wawili, mume na mke wa makamo, wameketi juu ya mkeka mmoja wakibangua korosho zilizokwisha kukaangwa. Mume alipasua ganda, mke akatoa kiini na kukimenya ngozi yake. Hakuna aliyemwagiza mwenziwe, wala aliyemngoja. Mikono minne ilikwenda kama mikono ya mtu mmoja.

Nilikwenda pale kwa ajili ya mama yule. Miaka michache iliyopita alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Akapanda basi la kwenda Dar es Salaam, akapita Lindi na Nangurukuru, akavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Alikaa huko majuma kadhaa akitibiwa kwa mionzi. Leo analima, anachota maji na kubangua korosho, ingawa madaktari bado humwita kila baada ya muda kumchunguza. Yeye na mumewe wameniomba nisiyataje majina yao, nami nimewatii.

Baada ya kuamkiana, na baada ya kunywa chai ya mkandaa, mzee alinigeukia.

"Mwanangu," alisema, "wewe umesoma, hebu nieleze. Mashine ile haikumgusa mama watoto. Haikumchoma sindano, haikutoa moshi wala harufu. Alilala kitandani dakika chache, akaambiwa inuka, nenda. Sasa hicho kilichomtibu ni kitu gani, na ni nani aliyekitengeneza?"

Mkewe alicheka. "Mimi niliyelala kitandani sikuuliza," akasema. "Yeye aliyekaa nje kwenye benchi ndiye hajapata usingizi mpaka leo."

Ndugu msomaji, swali la mzee huyu lilinirudisha Dar es Salaam nikiwa na deni. Makala haya ni jitihada ya kulilipa. Na jibu lake, kama utakavyoona, linawahusu watu wawili waliofanya kazi pamoja mithili ya wale niliowakuta uani Nyangamara: mume na mke, Frédéric Joliot na Irène Curie wa Ufaransa.

BINTI WA MABINGWA

Irène alizaliwa mjini Paris tarehe 12 Septemba, 1897. Wazazi wake walikuwa Pierre na Marie Curie, mabingwa waliogundua madini ya poloniamu na radiamu mwaka 1898. Madini haya yana tabia ya ajabu: hutoa mionzi yenyewe, usiku na mchana, bila ya kuwashwa na mtu. Kwa kazi yao juu ya mionzi hiyo, wazazi hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Miaka mitatu baadaye Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi barabarani akafa. Irène alikuwa hajatimiza miaka tisa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, mama yake alitengeneza magari yaliyobeba mashine za eksirei, ili madaktari waweze kuona risasi na vipande vya mizinga ndani ya miili ya majeruhi. Irène akawa msaidizi wake, na alipofikia umri wa miaka 18 alikuwa akisimamia mashine hizo peke yake katika hospitali za karibu na uwanja wa mapambano. Wakati huo kinga dhidi ya mionzi ilikuwa hafifu sana. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Baada ya vita aliingia katika Taasisi ya Radiamu iliyoongozwa na mama yake, na mwaka 1925 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti wake juu ya mionzi ya poloniamu.

Frédéric hakutoka katika nyumba ya wataalamu. Alizaliwa Paris tarehe 19 Machi, 1900, akasomea uhandisi katika chuo cha fizikia na kemia ya viwanda. Mwalimu wake Paul Langevin ndiye aliyempeleka kwa Mama Curie awe msaidizi katika maabara. Alikuwa kijana mchangamfu, msemaji, mwenye mikono hodari ya kuunda vyombo. Hakujua lolote juu ya mionzi. Basi mtu aliyepewa kazi ya kumfundisha alikuwa Irène.

Wawili hawa walikuwa kama bahari na bara. Irène alikuwa mkimya, asiyejua kupamba maneno, na wengi walimwona mtu baridi. Frédéric alitambua kuwa nyuma ya ukimya ule palikuwa na akili nzito na moyo usioyumba. Walioana tarehe 9 Oktoba, 1926. Palikuwa na watu walionong'ona kwamba kijana yule hakumwoa mwanamke bali jina la mkwewe. Hakuwajibu kwa maneno. Alirudi darasani, akapata shahada yake ya udaktari mwaka 1930, na kuanzia mwaka 1928 yeye na mkewe walikuwa wakitia saini pamoja taarifa za utafiti wao.

MARA MBILI WALIKOSA

Ili tufahamu kazi yao, yafaa tuieleze atomu kwa lugha nyepesi. Kila kitu duniani, awe mtu, korosho au jiwe, kimejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Katikati ya kila atomu kuna kiini, na ndani ya kiini mna chembe ndogo zaidi: protoni na, kama ilivyojulikana baadaye, neutroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua kitu hiki kiwe dhahabu na kile kiwe chuma.

Katika miaka ya 1930 wataalamu walikuwa wakizipiga atomu za vitu mbalimbali kwa chembe zitokazo katika poloniamu, wapate kuona kilichomo ndani. Mwezi Januari 1932, Irène na Frédéric walitoa taarifa ya jambo geni: walipoielekeza kwenye nta ya parafini ile mionzi itokayo katika madini ya berili, protoni zilichomoka kwa kasi kubwa. Waliliona jambo lenyewe, lakini wakalieleza visivyo. Huko Uingereza James Chadwick aliisoma taarifa yao, akarudia majaribio, na katika muda wa majuma machache akatangaza kuwa amegundua neutroni. Mwaka huohuo Mmarekani Carl Anderson aligundua positroni, chembe ambayo njia zake zilikuwa zimekwisha kuonekana katika picha za maabara ya Paris bila ya kutambuliwa.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mara mbili walikuwa na samaki wavuni, na mara mbili akavuliwa na jirani. Mwezi Oktoba 1933 walikwenda Brussels kwenye mkutano wa mabingwa wa fizikia wakaeleza matokeo yao mapya. Lise Meitner, mtaalamu mashuhuri kutoka Berlin, alisimama akasema kuwa yeye alipofanya majaribio kama hayo hakupata walichopata wao. Wengi mkutanoni walimwamini yeye. Irène na mumewe walitoka wakiwa wamevunjika moyo, ingawa wachache, miongoni mwao Niels Bohr, waliwatia moyo kuwa jambo lao ni la maana.

Wangeweza kuacha. Wangeweza pia kulaumiana, maana nyumba nyingi huingia ufa pale hasara inapotafutiwa mwenyewe. Wao walirudi Paris wakaendelea na kazi.

SUFURIA ILIYOEPULIWA MOTONI

Mwezi Januari 1934 waliweka kipande chembamba cha alumini karibu na poloniamu, kisha wakaiondoa poloniamu ile. Kwa kawaida ukiepua sufuria motoni, maji huacha kuchemka. Lakini kifaa cha kuhesabia mionzi kiliendelea kulia. Poloniamu imeondolewa, na ile alumini ya kawaida kabisa, ya aina ileile inayofinyangwa masufuria yetu, inatoa mionzi yenyewe! Baada ya dakika tatu hivi nguvu ikapungua nusu, na baada ya dakika nyingine kama hizo ikapungua nusu tena, hadi ikafifia.

Je, kifaa kilikuwa kibovu? Kijana wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ile, Wolfgang Gentner, aliombwa avikague vifaa vyote. Alivikuta vizima.

Kilichotokea ni hiki. Kiini cha atomu ya alumini kina protoni 13. Chembe iliyotoka katika poloniamu ilikuwa na protoni mbili. Ilipogonga na kumezwa, neutroni moja iliruka nje, na protoni zikawa 15. Kitu chenye protoni 15 si alumini tena, ni fosforasi. Lakini fosforasi hii haikuwa ile ya asili. Ilikuwa haijatulia, na ili itulie ilitoa mionzi. Binadamu alikuwa amekigeuza kitu kimoja kuwa kingine, na kukipa nguvu ya kutoa mionzi ambayo hapo awali ilidhaniwa kuwa ni mali ya madini machache tu.

Ushahidi wa mizani ya kemia ulikuwa bado unatakiwa, na saa haikuwangoja, kwani fosforasi ile ilikuwa ikipotea nusu kwa nusu kila dakika chache. Waliiyeyusha alumini katika asidi, wakaikusanya gesi iliyotoka katika kijichupa, wakapima. Mionzi ilikuwa imehamia katika gesi pamoja na fosforasi. Walitoa tangazo lao mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwezi huohuo wa Januari.

Mama Curie alikuwa mgonjwa, vidole vyake vimeungua kwa kushika radiamu miaka mingi. Binti yake na mkwewe walimpa kijichupa chenye kitu hicho kipya akishike. Furaha iliyomjaa usoni Frédéric hakuisahau maishani. Mama huyo alifariki tarehe 4 Julai, 1934, kwa ugonjwa wa damu uliotokana na mionzi. Mwaka uliofuata, 1935, mume na mke walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

KUTOKA PARIS HADI OCEAN ROAD

Sasa twaweza kulijibu swali la mzee wa Nyangamara.

Kabla ya mwaka 1934 hospitali iliyotaka kutibu saratani kwa mionzi ya madini ilihitaji radiamu, kitu adimu na ghali mno. Sehemu kubwa ya radiamu ya dunia tangu miaka ya 1920 ilitoka kwa jirani zetu, katika machimbo ya Shinkolobwe huko Katanga, Kongo, ambako wachimbaji wa Kiafrika walibeba mawe yale kwa faida ya kampuni ya Wabelgiji. Ugunduzi wa Irène na Frédéric ulifungua mlango mwingine: vitu vya kawaida vinaweza kufanywa vitoe mionzi.

Mojawapo ya vitu hivyo ni kobalti. Kobalti ya kawaida, yenye namba 59, ikiwekwa ndani ya tanuri la atomu hupigwa na neutroni, ikameza moja na kuwa kobalti 60. Hii hutoa mionzi mikali ipenyayo mwilini, nayo huchukua miaka mitano na miezi mitatu hivi kupungua nguvu kwa nusu. Hufungiwa ndani ya kichwa cha mashine chenye kuta nene za risasi. Mgonjwa anapolazwa, dirisha dogo hufunguliwa kwa muda uliopimwa, mionzi ikapiga mahali penye uvimbe, kisha likafungwa. Chembe za saratani, ambazo huzaana haraka, huumizwa zaidi kuliko chembe nzima.

Mashine za kobalti zimetumika miaka mingi pale Ocean Road, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani ufukweni mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo mwaka 1996 ilifanywa taasisi inayojitegemea ya saratani. Hicho, mzee wangu, ndicho kilichomtibu mama watoto. Hakina moshi wala harufu, lakini kina historia, na mwanzo wake ni kipande cha alumini katika maabara ya Paris.

Manufaa hayakuishia hospitalini. Huko Unguja, mbung'o waliwasumbua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Wataalamu wetu, wakishirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, walifuga mbung'o kwa maelfu mjini Tanga, wakawapiga madume kwa mionzi ili wasiweze kuzaa, kisha wakawamwaga kwa ndege juu ya kisiwa. Kati ya mwaka 1994 na 1997 waliachiliwa madume zaidi ya milioni 8. Jike aliyepandwa na dume kama huyo hakupata mtoto. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi Septemba 1996, na tangu hapo mfugaji wa Unguja amepumua.

MOTO UNAOPIKA NDIO UUNGUZAO

Lakini lingekuwa kosa kuueleza upande mmoja wa shilingi. Alipopokea tuzo mwaka 1935, Frédéric aliwaonya wasikilizaji kwamba iko siku wataalamu wataweza kuanzisha mgeuko wa atomu unaoambukizana mmoja baada ya mwingine kama mripuko, na kwamba tahadhari itahitajika. Mwaka 1939, baada ya Wajerumani Otto Hahn na Fritz Strassmann kugundua kuwa kiini cha urani chaweza kupasuka, Frédéric na wenzake Hans von Halban na Lew Kowarski walithibitisha kuwa kila kinapopasuka hutoa neutroni zaidi, ambazo zaweza kupasua vingine. Mripuko aliouonya ulikuwa umekaribia.

Vita vikaja. Mwezi Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoingia Ufaransa, Halban na Kowarski walivuka bahari hadi Uingereza wakiwa na akiba ya maji mazito yaliyotoka Norway, ili yasiangukie mikononi mwa adui. Frédéric alibaki, akajiunga na wananchi waliopigania ukombozi wa nchi yao kwa siri. Mwaka 1944 Irène na watoto wao wawili, Hélène na Pierre, walivuka mpaka kuingia Uswisi. Na mwezi Agosti 1945, bomu lililoteketeza Hiroshima liliundwa kwa urani ambayo sehemu yake kubwa ilitoka palepale Shinkolobwe. Mchimbaji wa Katanga hakuambiwa jiwe lake linakwenda kufanya nini.

Baada ya vita Frédéric aliongoza Tume ya Nguvu za Atomiki ya Ufaransa, na tanuri la kwanza la atomu la nchi hiyo liliwashwa mwezi Desemba 1948. Lakini alikataa katakata kutengeneza bomu, na mwaka 1950 alikuwa mstari wa mbele katika wito wa Stockholm wa kupiga marufuku silaha za atomu. Kwa msimamo huo, na kwa kuwa alikuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, aliondolewa madarakani mwezi Aprili mwaka huo. Irène naye akaondolewa katika Tume muda mfupi baadaye.

HESABU YA MKE

Akina mama wanaosoma ukurasa huu watapenda kujua Irène alitendewaje. Mwaka 1936 aliteuliwa kuwa naibu waziri wa utafiti wa sayansi katika serikali ya Léon Blum, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuingia serikalini Ufaransa. Wakati huo mwanamke wa Kifaransa alikuwa hana haki ya kupiga kura, haki ambayo aliipata mwaka 1944. Mwanamke aliweza kushika wizara, lakini si karatasi ya kura!

Chuo cha Sayansi kilimpokea Frédéric mwaka 1943. Irène, mwenye tuzo ileile kwa kazi ileile, aliomba mara kadhaa akakataliwa kila mara. Aliendelea kuomba, ili wajumbe wa chuo kile walazimike kila mara kulitamka neno lao la aibu. Mwanamke wa kwanza kuwa mjumbe kamili alipokewa mwaka 1979, miaka 23 baada ya Irène kufariki.

Alifariki tarehe 17 Machi, 1956, kwa saratani ya damu. Mashine zile za eksirei za ujana wake, na poloniamu aliyoishughulikia miaka yote, zilikuwa zimemdai. Frédéric, naye akiwa mgonjwa, alishika kazi aliyoiacha mkewe, ya kujenga maabara mapya huko Orsay, akafariki tarehe 14 Agosti, 1958. Wote wawili walizikwa kwa heshima za taifa. Binti yao Hélène akawa bingwa wa fizikia ya viini vya atomu, na mwanawe mwanamume akawa mtaalamu wa elimu ya viumbe.

Kutokana na vifo kama hivyo dunia ilijifunza kujikinga. Kwetu Tanzania sheria ya kusimamia mionzi ilitungwa mwaka 1983, na leo kazi hiyo iko mikononi mwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Mfanyakazi wa chumba cha eksirei anayevaa kibandiko cha kupimia mionzi kifuani hakivai kama pambo. Kibandiko kile kimenunuliwa kwa damu ya watu kama Irène.

Niliyaeleza haya kwa simu kwa mzee wa Nyangamara, kwa ufupi kadiri nilivyoweza. Alinyamaza kitambo nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza swali moja tu: "Huyo mke alipokufa kwa hiyo mionzi, ile dawa aliyoigundua haikuweza kumsaidia?"

Nikamwambia haikuweza.

"Basi alimpikia mwenzake chakula ambacho mwenyewe hakukila," akasema.

Nyuma yake niliisikia sauti ya mkewe ikimwita: korosho zilikuwa zinamngoja. Kabla hajaweka simu, mama mwenyewe aliichukua, akanipa ujumbe wake kwa wasomaji wa kike. Yeye, alisema, alikaa na dalili mwaka mzima kwa kuona haya, na laiti angekwenda zahanati mapema safari ya Dar es Salaam isingekuwa ndefu vile. Uchunguzi wa mlango wa kizazi ni wa dakika chache, na wasichana wetu wana chanjo iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Mionzi ni msaada mkubwa, lakini kuwahi ni mkubwa zaidi.